Sarafu za Miji za Marehemu Raphaël Bisimwa

Wapendwa mliokuja kulia nasi, ukoo wa Bisimwa umenipa karatasi hii niisome, na nitaisoma yote.

Marehemu Raphaël Bisimwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kadutu, Bukavu, mtoto wa kwanza kwa wazazi wake, akafuatwa na mdogo mmoja tu, Aganze, ambaye Raphaël alimbeba mgongoni mpaka majirani wakadhani ni mwanawe. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kadutu kuanzia 1964 hadi 1970, akamaliza sekondari mwaka 1976, na mwaka 1978 akaajiriwa posta ya Bukavu, kazi iliyomfanya aamini, hata mishahara ilipokoma, kwamba barua yenye anwani sahihi lazima ifike.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mama Rosalie, Mungu akawajalia Lionel, Déborah na Merveille. Vita vya 1996 viliwatawanya, yeye na familia wakaishia Nairobi, Aganze akafika Ufaransa, na Mei 1998 ikaja barua yake ya mwisho, ndani yake sarafu ya mji mdogo karibu na Toulouse, maana miji ya huko ilikuwa ikitoa sarafu zake za ukumbusho kabla ya yuro yenyewe kuja, zikatumika madukani wiki chache tu, na Aganze aliahidi kwamba katika kila mji atakakopata kibarua atamwekea kaka yake moja.

Septemba 2001 familia ilifika Birmingham, ikapewa nyumba Erdington, marehemu akapata kazi kwenye ghala moja la Washwood Heath, akaanza kuagiza sarafu hizo kwa wauzaji wa Ufaransa, mji baada ya mji, na katika kila bahasha alitia picha ya Aganze na swali moja, kama mtu huyu amewahi kupita dukani kwao. Walimjibu kwa orodha za bei. Mmoja alimtumia kadi ya mwaka mpya, akimwita mkusanyaji mwenzake, naye akaiweka kabatini kwa heshima. Watoto walimwambia kwa Kiingereza aache, akawajibu kwa Kiswahili kwamba mtu si sindano hata apotee asionekane.

Januari 2004 figo zake zilishindwa, na Machi, akiwa amelazwa, padri mmoja akatuandikia kutoka Ufaransa kwamba Aganze alianguka kwenye ujenzi, akafa, tangu 1999. Kwetu mgonjwa hapewi habari ya msiba, basi wazee tulikaa, tukasema tungoje apone. Hakupona. Miaka minne alipanda basi kwenda kusafishwa damu, akirudi anaandika, na mama Rosalie, ambaye tulimfunga mdomo, ndiye aliyekuwa akibandika stempu. Sarafu zilifika arobaini na saba. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2008, baada ya kuuliza kama mtu wa posta amepita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya upande wa Harborne, wenzake wa ghalani, na majirani zetu mzee Gurnam na mama Trupti, waliotulisha wiki nzima hii.

Raphaël, tulikuacha ukimtafuta mtu ambaye sisi tulikwisha kumlia. Pumzika sasa kwa amani, ile tuliyokunyima.