Treni ya Baada ya Magharibi

Aliyekisimulia kisa hiki mara ya kwanza ni Hamood mwenyewe, siku ya pili ya Idi Ndogo mwaka 2004, mbele ya binti yake Khawla na wageni saba. Waliokitia chumvi baadaye ni wengi, lakini yeye alikitaja kwa tarehe: Jumatatu, tarehe mosi Juni 1998, baada ya sala ya alasiri, kwenye baraza ya duka la fundi cherehani huko Hamriya, Maskati. Baraza ilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, chini ya kiyoyozi kilichodondosha maji, na kila mtu alikuwa na pahala pake. Pakavu alikaa Bakhit, aliyeitwa Dira kwa sababu alijua njia za dunia nzima na hakuwahi kuvuka Dubai. Katikati alikaa Khalid, aliyeitwa Benki, kwa kuwa alistaafu benki na bado alihesabu hata kokwa za tende alizotema mwenziwe. Hamood alikaa penye matone. Wote watatu walizaliwa Unguja, na mpaka siku hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda treni.

Hamood alimimina kahawa kwanza, akaifuta mikono, ndipo akatoa bahasha yenye kadi ya treni za Ulaya.

— Ndiyo hii? — aliuliza Bakhit. — Mbona nyembamba?

— Ndiyo hii. Ina siku tano. Kila siku ntayopanda treni, naandika tarehe kwenye kisanduku kimoja. Nikishaandika, treni za siku hiyo ni zangu.

— Zote?

— Zote.

— Bila ya kukata tiketi nyengine?

— Bila.

Bakhit aliigeuza kadi, akaiinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua kanzu iliyotoka kwa dobi.

— Wallahi hawa watu wanaaminiana! Mtu anajiandikia tarehe kwa mkono wake! Weye Benki hapa ukipewa kalamu hivi utaandika mpaka Ramadhani.

— Mie sifanyi dhuluma — alijibu Khalid. — Na weye Hamood usitumie penseli. Wana taa ya kumurika. Ukifuta, inaonesha.

— Taa si kitu — alisema Bakhit. — Nnavosikia mie, viti vyao vinapima uzito. Ukila sana huko kwa nduguzo, kiti hakikujui tena. Kinapiga king'ora.

— Nani kakwambia? — aliuliza Khalid.

— Babu yangu alipanda treni ya Bububu kule Unguja, bwana. Treni iko katika damu yetu.

— Babu yako alipanda treni ya maili saba, kabla ya babako kuzaliwa. Ilikuwa na viti vya kupima uzito?

— Ilikuwa na adabu!

Hamood alicheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye daftari la safari alilolifungua mapajani. Safari ile haikuwa ya matembezi. Mama yake, Bi Masouda, alikuwa amefariki mwezi wa Februari. Siku tatu kabla ya hapo alimwita Hamood, mwanawe mkubwa, akampa maneno ya kuwapelekea watoto wake watatu walioko Ulaya: Mahbuba aliyeko Leipzig, Sleyum aliyeko Munich, na Zakiya aliyeko Roma. Wawili wa kwanza ni salamu na dua. Zakiya ni jambo jengine. Aliolewa bila ya idhini mwaka 1974, na mama yake hakulitaja jina lake kwa miaka ishirini na minne. Siku ile alilitaja. “Mwambie nimemridhia,” alisema. “Umwambie kwa mdomo wako, akuone. Simu haina uso.” Hamood alikuwa na likizo ya wiki mbili, kadi ya siku tano, na neno hilo.

— Haya, tuhesabu — alisema Khalid, akivua miwani na kuivaa tena. — Unashuka na ndege Frankfurt. Frankfurt mpaka Leipzig, siku moja. Leipzig mpaka Munich, ya pili. Munich mpaka Roma ni treni ya usiku. Inaondoka Alkhamisi, inafika Ijumaa. Hizo ni tarehe mbili: ya tatu na ya nne. Roma kurudi Munich, ya tano. Munich mpaka Frankfurt kwenye ndege yako...

Alihesabu tena kwa vidole.

— Ya sita — alisema Hamood.

— Ya sita. Na visanduku vitano.

Tone lilidondoka kwenye bega la Hamood. Hakulifuta.

— Basi punguza mji — alisema Bakhit kwa upole. — Roma ndiko mbali. Zakiya mpigie simu. Atalia, utalia, khalas.

— Bi Masouda alisema kwa mdomo.

— Simu si mdomo?

— Bakhit, nilimpigia siku mama aliyokufa. Alisikiliza, akasema “Mungu amrehemu,” akaweka simu chini. Nikimwambia kwa simu kwamba mama amemridhia, atasema nimetunga mwenyewe kumliwaza. Ndivyo alivyo. Lazima anitazame.

Khalid alichukua kile kitabu kidogo cha Kiingereza kilichokuja na kadi, akakisoma kama alivyokuwa akisoma mikataba ya wateja, kidole kwenye kila mstari. Kahawa ilizungushwa mara mbili. Kisha kidole kikasimama.

— Hebu ngojeni. Kimeandika hivi: treni ya usiku ikiondoka baada ya saa moja jioni na kufika baada ya saa kumi alfajiri, unaandika tarehe ya siku ya pili yake. Moja tu.

— Rudia.

— Ukiondoka Alkhamisi baada ya saa moja, siku yako ni Ijumaa. Alkhamisi haihesabiwi.

Bakhit alisimama. Kikombe chake kilimwagika kwenye ubao na hakujali.

— Subhanallah! Si hesabu yetu hiyo? Jua likizama Alkhamisi, Ijumaa imeshaingia! Usiku mbele, mchana nyuma! Nani kawafundisha?

— Wamefika wenyewe — alisema Khalid, na hata yeye alikuwa akitabasamu. — Watu wa hesabu hufika.

— Nnakwambieni, aliyeandika sheria hii mamake ni wa Malindi ya Unguja! Kuna Mzanzibari kakaa katika ofisi ya reli huko, kashika kalamu!

— Kwa hivyo ni siku tano — alisema Hamood polepole.

— Tano kamili. Hakibaki, hakipungui.

Furaha ya siku ile, Hamood aliielezea vizuri kuliko sehemu nyengine zote. Wanaume watatu wenye mvi walipeana mikono kana kwamba mmoja wao amepata mjukuu. Bakhit aliisifu reli, akawasifu waliochimba milima kuipitisha, akaeleza kwamba ile treni ya usiku hukatwa mapande mawili watu wakiwa wamelala, pande moja likaenda Roma na jengine kwengine, kwa hivyo Hamood alale na jina la mji limebandikwa kifuani. Khalid alisema huo sasa ni wazimu. Kisha wakaipanga ile jioni ya Munich, na kila mmoja akaongeza neno.

— Treni inaondoka saa mbili na nusu — alisema Khalid. — Magharibi saa moja. Unasali nyumbani kwa Sleyum, kwa nafasi yako.

— Unakula — alisema Bakhit. — Mkewe atapika biriani, usimvunjie.

— Unakula. Unaagana. Stesheni ni mwendo wa nusu saa. Unafika na dakika kumi na tano mkononi.

Hamood aliandika kwenye daftari, kwa hati yake ya kunyooka: “Munich, Alkhamisi 18 Juni. Kutoka nyumbani baada ya sala ya magharibi.” Ndivyo walivyopanga maisha yao yote. Harusi baada ya isha, mazishi baada ya adhuhuri, mtu wa kumwona baada ya alasiri. Hakuna aliyeona ajabu.

Wakati huo mlangoni kwa fundi alikuwa amesimama kijana wa bara akingoja kanzu za bosi wake. Jina lake Pius, dereva wa nyumba moja ya karibu, ana miezi miwili tu Maskati.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Kahawa ipo, karibu.

— Ahsante. Samahani, nimesikia mnaongelea treni. Mimi kabla ya kuja huku nilikuwa mkagua tiketi. Dar kwenda Mbeya, miaka sita.

Baraza nzima iligeuka. Bakhit alisogea akampisha pahala pakavu, na tangu hapo hakuna mtu mwengine aliyepewa heshima hiyo.

— Kwanza — alisema Bakhit — mwambie huyu Benki. Treni haikatwi mapande mawili?

— Inakatwa, mzee. Mabehewa yanaachanishwa, haya yanaenda huku, haya kule. Kweli kabisa.

Bakhit alimtazama Khalid kwa muda mrefu.

— Ila mimi nina swali dogo tu — aliendelea Pius. — Mmeandika magharibi. Sisi kazini hatukuruhusiwa kuandika hivyo, abiria Waislamu walikuwa wanatuuliza kila siku. Jua la Dar na la Mbeya halizami pamoja, linapishana karibu nusu saa, na hiyo ni nchi moja. Sasa huko Munich, mwezi wa sita, jua linazama saa ngapi?

Khalid aliitazama saa yake ya mkononi, kisha jua.

— Jua ni moja — alisema Bakhit, lakini si kwa sauti yake ya siku zote.

— Labda saa moja na nusu — alisema Khalid. — Au... Sijui. Wallahi sijui.

Hamood alitazama buli la kahawa. Lilikuwa tupu. Akatoa kadi ya simu, akavuka barabara mpaka kwenye kibanda. Siku hiyo ilikuwa sikukuu Ujerumani na Sleyum alikuwa nyumbani. Wale watatu kwenye ubao walimwona akizungumza, akinyamaza, kisha akiegemeza kipaji cha uso kwenye kioo cha kibanda.

Alirudi taratibu.

— Saa tatu na robo — alisema. — Anasema watoto wake hulala jua likiwaka. Nikamwambia ningekuja kwake nisubiri magharibi, nile, nitoke. Akasema, kaka, treni ingekuwa imekwenda dakika arubaini na tano kabla hujatia udhu.

— Na Roma? — aliuliza Pius.

— Roma ningefika siku nyengine, kwa kisanduku nisichokuwa nacho. Au nisingefika.

Khalid alilichukua daftari bila ya kuomba. Akakata mstari ule, akaandika saa kwa tarakimu, akapiga chini yake mistari miwili. Bakhit alimwuliza Pius kama ameoa, kama amekula, na kama bosi wake ni mtu mwema, yote kwa pumzi moja.

Hamood alipanda treni Munich jua likiwa juu ya mapaa. Mkaguzi alitazama tarehe ya Ijumaa iliyoandikwa siku ya Alkhamisi, akaigonga muhuri, akamtakia usiku mwema, na Hamood alisema hajapata kuona uungwana wa kazi kama ule. Magharibi ilimkuta milimani, alisali amekaa. Asubuhi Roma, Zakiya alikuwa kwenye jukwaa, amejifunga mtandio wa kijivu, mikono imekunjwa. Hamood alimwambia kabla ya kuweka mkoba chini. Zakiya alimtazama usoni muda mrefu.

— Alilitaja jina langu?

— Alisema, “Zakiya, mwambie nimemridhia.”

— Rudia.

Alirudia. Alirudia mara tatu, watu wakiwapita kulia na kushoto.

Mpaka mwaka huu wa 2009 habari zao ni hizi. Hamood yupo, mzima, ingawa goti linamsumbua. Mahbuba yupo Leipzig, na Sleyum yupo Munich. Khalid alifariki mwezi wa Rajab mwaka 2003, na Bakhit akamfuata 2007. Pius alirudi kwao na huandika kila Krismasi; barua ya mwisho ilifika Januari. Zakiya alifariki Roma mwezi wa Mei mwaka 2000.