Aliko na Saa Sita za Mashine

Tarehe 30 Juni 2003 Bwana Aliko Mwaisumo anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita katika ghala letu la mpunga hapa Kyela. Aliingia akiwa mpima mizani, ghala likiwa la ushirika. Wanunuzi binafsi walipolichukua, wengi walipunguzwa. Yeye alibaki, kwa sababu ni mbishi.

Nimefagia ofisi yake miaka yote hiyo, nasema ninachokijua. Chai yake ni sukari tupu, na kofia yake ilipaswa kustaafu kabla yake.

Kompyuta ilipoletwa, kuukuu tayari, meneja Ambrose alimkabidhi Aliko. Ikiwashwa hutoa mistari mingi kwenye kioo kabla ya kukubali kazi, kila mstari na saa yake, na yote huitunza.

Masika ya 2001 orodha ya wakulima wa Ngonga ilifutika. Meneja akasoma mistari ile, akakuta mashine iliwashwa saa nane usiku. Usiku yupo mlinzi Hezroni peke yake. Akapewa hadi Ijumaa aseme alimfungulia nani, la sivyo arudi kwao Ipinda na watoto wake sita. Aliapa mpaka sauti ikakauka. Wengine walimtania kwamba redio yenyewe kuiwasha inamshinda, kompyuta ameianzaje.

Aliko hakucheka. Fundi wa Mbeya alisema kwa simu kwamba betri ya saa iliyo ndani ya mashine imekufa. Aliko akamjibu kuwa betri ni mpya, aliiweka mwenyewe mwezi uliopita kutoka duka la Ahmada, na betri mbovu ingepoteza saa ovyo ovyo. Siku tatu alizima na kuwasha, daftari gotini, redio sikioni. Redio ikisema saa nne asubuhi, mashine inaandika saa kumi alfajiri. Redio saa saba mchana, mashine saa moja asubuhi. Tofauti saa sita kamili, kila mara.

Alhamisi akaelewa. Alipoweka betri ilikuwa saa mbili asubuhi, naye akaiandikia mashine mbili, kama tunavyohesabu sote. Lakini mashine huanza kuhesabu saa sita usiku. Mbili yake ni saa nane yetu ya usiku. Basi siku ile iliwashwa asubuhi, na aliyeiwasha ni Aliko mwenyewe. Umeme ukakatika ikiwa bado inawaka, orodha ikaenda nao.

Angeweza kurekebisha saa kimya kimya na kuisingizia betri. Aliingia kwa meneja mlango ukiwa wazi, mimi na ufagio wangu nikisikia, akasema kosa ni la mkono wake, na kama kuna wa kuondoka Ijumaa ni yeye. Meneja akamwambia aache maneno, aandike orodha upya. Alizunguka Ngonga kwa baiskeli siku tisa, nyumba kwa nyumba, mpaka jina la mwisho likarudi.

Ndaga fijo, asante sana, Aliko. Nenda kwenye shamba lako la kokoa, punguza sukari, uishi miaka mingi yenye afya na amani. Saa kumi jioni Hezroni atakufungulia geti. Ameomba kazi hiyo leo asipewe mwingine.