Mpira wa Kwanza wa Mzee Kiuno

Wenzangu wapendwa, nawasihi: someni, kunjeni, tieni mfukoni. Neno hata moja lisimfikie Mkurugenzi kabla mstaafu wetu hajakabidhiwa cheti chake na kutoka getini salama.

Leo Ijumaa, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, anastaafu mkuu wetu wa masjala, ambaye sote tunamwita Mzee Kiuno.

Aliajiriwa akiwa tarishi, akapanda hadi kukabidhiwa funguo za masjala. Chini yake halijapotea jalada lolote, ukiacha yale yaliyopitiwa na kigongo. Kigongo hicho cha besiboli, ule mchezo wa Kimarekani wa kuchapa mpira kwa gongo, kilisahauliwa mapokezi na mgeni ambaye hakurudi. Mzee aliuona mchezo wenyewe mara moja tu, kwenye televisheni ya chumba cha kusubiria, ukamkaa moyoni. Tangu hapo, kila mapumziko ya mchana, hukizungusha katikati ya makabati, bila mpira, kwa kuogopa kuvunja kitu.

Hata hivyo alivunja taa, saa ya ukutani, na kikombe mkononi mwa mhasibu. Ndipo tukaanza utaratibu wetu: anayekaribia kona ya masjala hupaza sauti, "Napita!", kisha hungoja aitikiwe, "Pita!" Mwajiriwa mpya hufundishwa hilo kabla ya kuonyeshwa choo. Mimi nimewahi kulitamka ukweni, nikiingia sebuleni.

Mkewe anasema hata usingizini hugeuka kwa kuanzia kiuno. Ukimuuliza mazoezi kiasi gani yanatosha, hujibu, "Bado kidogo, mwanangu. Kiuno kwanza, mikono ifuate."

Jana jioni, nyuma ya ofisi, dereva wetu alimletea mpira. "Mzee wangu, hewa umeichapa vya kutosha. Leo chapa kitu!" Akarusha. Kiuno kikatangulia, mikono ikafuata. Pa! Mpira ukapaa, ukaingia kwa Mkurugenzi bila kungoja dirisha lifunguliwe.

Mkurugenzi anawashuku wahuni wa barabarani, na mpira ameuweka mezani kama ushahidi. Mzee hataki zawadi nyingine yoyote ila mpira huo.

Mzee wetu, asante kwa kila jalada na kila upepo uliotupulizia. Tunakuombea pumziko refu, uwanja mpana, na majirani wasio na vioo.

Atakayeuchukua mpira mezani kwa Mkurugenzi wakati wa hotuba yake ya kumuaga Mzee aniletee masjala, nyuma ya kabati la mwisho. Tafadhali sana, paza sauti, "Napita!", na usubiri jibu. Nimeshaanza mazoezi, kwa mpini wa fagio.