Mwalimu Jecinta Akolong na Video Zilizotazamwa Bila Sauti

Bwana asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu, salaam aleikum.

Marehemu Jecinta Akolong alizaliwa tarehe 9 Juni 1982 huko Oldonyiro, kifungua mimba wa Mama Nangiro na marehemu Mzee Etabo, akasomea shule ya msingi huko huko, kisha sekondari mjini Isiolo, na mwaka 2006 akahitimu shahada ya mawasiliano jijini Nairobi.

Tangu 2008 alifundisha katika chuo kimoja hapa mjini Isiolo, na kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa mtaani Bulla Pesa, aliwafundisha vijana kuchambua video za muziki, wakizitazama kwanza bila sauti, wakijiuliza nani anatazama, nani anatazamwa, kamera inamshusha nani, na hadhira inatakiwa iamini nini. Hakuketi, alizunguka ukumbi mzima akiuliza.

Alifunga ndoa na Vincent Mawira tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa Joy na Ekeno, na Vincent anasema hajawahi kumwona akimaliza chai akiwa ameketi.

Mwaka 2021 mwimbaji wetu Roble alirekodi video katika soko la mifugo la Oldonyiro, yeye akiwa mbele, na nyuma yake wanawake wenye shanga waliopigwa picha shingoni tu, bila nyuso. Jecinta aliichambua mbele ya vijana, Roble akasikia, akaja ukumbini akilalamika kwamba anaharibiwa jina. Jecinta alizima sauti, akasimamisha picha kwenye shingo moja.

"Huyu anaitwa nani?" akamuuliza.

Roble alisema hajui.

"Ni mama yangu."

Roble alirudi Oldonyiro kumwomba Mama Nangiro msamaha, na video yake iliyofuata ilianza na uso wa mama huyo, akicheka. Hata hiyo Jecinta aliichambua, akasema mama bado ameambiwa pa kusimama.

Aliugua saratani ya matiti kuanzia Machi 2024, akatibiwa Isiolo na Meru, akiwachosha wauguzi kwa kutaka kitanda kisogezwe dirishani, hadi alipotuaga alfajiri ya tarehe 3 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Joy.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani wa Bulla Pesa, walimu wenzake, na Roble anayetushikia kamera leo. Jecinta aliagiza watoto wake wasirekodiwe wakilia, kwa hivyo Roble, tafadhali, izime sasa.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, hakuna anayekutazama.