Lahja na Walimu Wake wa Benchi

Benchi la nje ya kituo cha mafuta, njia ya kwenda Kajaani, kaskazini mwa Ufini, lina wenyewe. Fundi hukaa upande wa ukutani kwa ajili ya mgongo wake, Profesa hukaa katikati ili asikike kote, na Mzee Taisto hukaa pembeni na fimbo yake, hana maneno mengi. Wote ni watu wa redio za ridhaa, wale wanaoongea na dunia kwa mlingoti wa nyuma ya nyumba bila kulipwa na mtu. Asubuhi hiyo Lahja, tarishi mstaafu, alikaa nao kikombe mkononi, akimsubiri mtahini aliyekuwa njiani kuja kumpima kwa leseni ya daraja la juu. Katika chama chao mwenye leseni hiyo ni Mzee Taisto peke yake, na Jumamosi anahamia mji wa Oulu kwa bintiye. Bila mwenye leseni hiyo wa kukisimamia, kituo cha chama hakiruhusiwi kurusha hata salamu. Lahja akianguka, kinazimwa.

— Usiogope, dada, — Fundi akasema. — Mtihani wenyewe ni sentensi tu. Unasoma, unasema kweli au uongo.

— Na ukikosea wanakunyang'anya alama uliyokwisha kupata, — Lahja akasema.

— Hapo ndipo waliponimaliza mimi. Mara mbili.

— Ulimalizwa na kiherehere, — Profesa akadakia. — Swali hulijui, liache wazi. Lakini wewe huwezi kuacha nafasi wazi hata kwenye benchi.

— Wewe mbona hujaufanya?

— Mimi nimesoma kupita kiasi. Watanitahini kwa lipi? Haya, Lahja, zingatia. Redio hufika mbali usiku kwa sababu hewa imepoa. Baridi inaibana hewa, sauti inateleza juu yake.

Mzee Taisto akapuliza kahawa yake.

— Na ile mianga ya kijani ikicheza angani, — Fundi akaongeza, — ndiyo nafasi yako. Inabeba sauti mpaka Japani.

— Japani ni hapo tu, — Profesa akasema. — Mimi nilimnasa Mbrazili kwa birika.

— Birika?

— La shaba. Lilikuwa tupu. Wahenga hawakusema bure, debe tupu haliachi kuvuma.

— Hilo kweli, — Fundi akasema. — Na fyuzi ikisumbua, kila mara inakatika, weka kubwa zaidi. Mwenye nguvu mpishe.

Gari likasimama, akashuka mama mmoja mwenye mkoba. Ndiye Sirkka, mtahini.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — Profesa akasema, na Lahja akamfuata mgeni ndani mpaka meza ya pembeni.

Sentensi za kwanza zilimtoa jasho. Kisha akaisoma moja, akairudia, akajikuta anatabasamu. Alipoinua macho aliwaona wale watatu kupitia kioo, wameweka vikombe chini, wanamchungulia. Roho ikamlainika. Akaendelea.

Sirkka alisahihisha hapohapo, wakatoka pamoja.

— Amefaulu, — akawaambia. — Na uongo hata mmoja haukumpita. Hebu niambieni, nani kati yenu alimfundisha?

Profesa akamgeukia Fundi. Fundi akamgeukia Mzee Taisto. Mzee Taisto akatikisa kichwa, si yeye. Macho yake hayasomi vitabu tangu siku nyingi.

— Ni wote, — Lahja akasema. — Kila walichosema hapa msimu mzima wa baridi nilikwenda nacho nyumbani, nikatafuta kama ni kweli. Hivyo ndivyo nilivyovimaliza vitabu vya mtihani. Leo kila nikisoma uongo, naisikia sauti ya mmoja wao. Asanteni, jamani. Peke yangu ningelala kwenye ukurasa wa kwanza.

Profesa akakohoa. — Kwa hiyo nilichangia.

— Wewe kuliko wote, kaka.

Mzee Taisto akajifuta macho kwa kiganja, akatoa ufunguo wa kibanda cha redio mfukoni, akauweka mkononi mwa Lahja, akaufumba mkono ule kwa mikono yake miwili.

— Nilikuwa naondoka na deni moyoni, — akasema. — Sasa nakwenda mwepesi. Asante, mwanangu.

Fundi peke yake hakuwa amechangamka.

— Dada, na ile ya fyuzi?

— Uongo, Fundi. Ukiweka kubwa, nyaya zinaweza kushika moto.

Fundi akaweka kikombe chini polepole.

— Kwenye redio ya chama nimeweka kubwa. Jana.

Lahja akageuka kumtazama Mzee Taisto, kwa mazoea, asikie wafanyeje. Mzee alikuwa ameshika birika la kahawa, anajimiminia iliyobaki.

— Mnaniangalia mimi wa nini? — akasema. — Mkuu wenu huyo hapo, na ufunguo anao.

Lahja akashika njia ya kibandani, na Profesa na Fundi wakamfuata mbio.