Mama Kulusum na Kisanduku Cheupe cha Mwalimu Mkuu

Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2024, Mama Kulusum Atoo atafunga chumba cha uchapaji cha shule yetu hapa Mengo na kukabidhi ufunguo, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Kamati ya jarida la shule ilinipa mimi kuandika wasifu wake kwa kuwa Kiswahili changu, walisema, ni cha nyumbani. Hawakujua kwamba nina jambo la kukiri, na kwamba mbele ya watu sitaweza kulisema.

Mama alianza mwaka 1991, binti wa polisi, aliyelelewa katika kambi yao. Alipiga mitihani kwa taipureta na kuitoa kwa mashine ya stensili iliyotapika wino. Walimu wa zamani wanaapa kwamba mwanafunzi mwerevu aliweza kusoma maswali kwenye gauni lake. Kompyuta ya kwanza ilipofika, 2001, aliifumia kitambaa ili isipate baridi.

Tangu hapo, picha zote za shule zimepita mikononi mwake. Mwalimu Sifuna wa Hisabati huibandika yake katikati ya barua kwenye kompyuta, kisha hushangaa ikikataa kutoka. Mama huizalisha kama mkunga, bila kumcheka, mpaka itoke. Somo lake kuhusu aina za faili za picha ni moja: "JPEG ni ukuta wa chokaa, PNG ni dirisha. Wewe unataka watu waone nyuma, unawapa ukuta ya nini?" Na picha ya asili haiguswi, unashika nakala.

Oktoba mwaka jana tulisherehekea miaka ishirini na mitano ya uongozi wa Mwalimu Mkuu Cleopas. Kwa siku mbili Mama alimkata kwenye picha, sikio kwa sikio, ili asimame juu ya picha ya shule kama aliyezaliwa hapo. Akanipa mimi niitume kwa mchapaji wa bango. Ilikuwa nzito, intaneti inasinzia, nami nikaigeuza kutoka PNG kuwa JPEG ili iwe nyepesi. Sikumwambia mtu.

Asubuhi bango likaning'inia getini. Mwalimu Mkuu alikuwa ndani ya kisanduku cheupe, amekunja mikono, na chini yake: 1998–2023. Mzazi wa kwanza alivua kofia. Wa pili, mama mmoja, alimshika Kamis, askari wetu wa getini, akalia: "Woyi! Na juzi tu nilimwona sokoni Nakasero ananunua nyanya!" Ndipo marehemu akatoka kuwakaribisha. Yule mama alikimbia, akaacha kiatu.

Mwalimu Mkuu alipouliza ni kazi ya nani, Mama alisema, "Ni yangu." Akaitoa picha ya asili, na saa saba bango jipya likawa juu. Lakini aliandikiwa barua ya onyo, ya pekee katika miaka yote hiyo. Nilipofungua mdomo akaniwahi: "Nyamaza, mtoto wa Oketch. Barua moja itafanya mimi nini?" Nikanyamaza, mwaka mzima na zaidi.

Mwalimu Mkuu, barua ile ni yangu. Naomba itoke kwenye jalada lake kabla ya Ijumaa, iandikwe jina langu.

Mama Kulusum, asante kwa mkono wako na kwa mgongo wako. Tunakuombea mapumziko marefu, afya, na wajukuu wasiokuletea picha zilizobandikwa kwenye barua. Ile ya asili ya Mwalimu Mkuu bado ipo. Sijaigusa.

Vera Akeyo, Senior Five (kidato cha tano)