Vikaango Viwili vya Mama Kipande

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mama mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, nasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mtoto wake wa pili, nikiwa nimepewa kazi hii kwa sababu kaka yangu hawezi kusoma bila kulia na mdogo wetu hawezi kusoma bila kutia chumvi, na nawaomba radhi mapema sauti ikinikauka, maana hatujalala vizuri tangu mama alazwe, na uchovu tulio nao si wa wiki hii tu.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yake alikuwa fundi wa breki, mtu mnene na mcheshi, ambaye asubuhi moja ya mwaka 1961 aliinama kufunga kamba za viatu aende kazini, na hakuinuka tena. Bibi yetu alibaki mjane na watoto watano, akawa anafua nguo za watu, na jioni akipita buchani kuomba mafuta na ngozi ambazo wateja wamezikataa, akizikaanga mpaka zikauke, na watoto wakila wakilala wameshiba. Mama alitoka katika nyumba ile na mambo mawili ambayo hayakumwacha hadi Jumanne iliyopita, kwamba chakula hakitupwi, na kwamba yeye hatakuwa mjane kama mama yake. Hilo la pili alilisema waziwazi mbele ya baba yetu, kama mwenye nyumba anayempa mpangaji masharti, "Wewe ndiye utakayenizika, si mimi nikuzike wewe, unanisikia?"

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao hadi darasa la saba mwaka 1966, akiwa hodari wa hesabu na mkorofi kwenye foleni, na Februari 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kwanza kufagia, kisha kukata. Wenzake mlio hapa mnaijua kazi ile kuliko mimi, sabuni ikitoka kwenye sufuria kubwa humwagwa kwenye fremu, ikishaganda hukatwa kwa waya kuwa miche, na miche kuwa vipande, na mama alikuwa na jicho lisilohitaji rula, kila kipande chake kilitoka pacha na mwenzake, ndipo mkampachika jina la Mama Kipande kabla hata hajawa mama wa mtu. Jina hilo lilimganda hadi wodini, wauguzi walimwita hivyo na yeye akaitika.

Tarehe 20 Oktoba 1973 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori la kiwanda, ambaye kila akipakia mzigo alidai hesabu haijatimia ili apate sababu ya kurudi ndani kumwona mkataji, na mama alijua fika kwamba hesabu imetimia, akairudia hivyo hivyo. Walijaliwa watoto watatu, kaka mwaka 1975, mimi mwaka 1978 na mdogo wetu mwaka 1982, na wajukuu ambao mnawaona hapo mbele wamepitiwa na usingizi kwenye mapaja ya shangazi zao.

Mwaka 2006 mama alistaafu akitarajia kupumzika, na Aprili iliyofuata baba alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa kwenye usukani, bahati nzuri lori lilikuwa limesimama langoni likisubiri kufunguliwa. Kuanzia siku ile mama hakupumzika tena. Alitoka hospitali ameshika neno moja tu, mafuta, na kwa kuwa kila aliyekuja kutupa pole alimwambia mafuta ni sumu, alitoa jikoni kila chupa na kila kopo, akachemsha kila kitu kinachochemka, na baba akawa anashindia mkate mweupe, jamu na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, kwa hoja kwamba hivyo havina mafuta. Nyumba ilipooza, baba akafura tumbo, na hata paka wetu alihamia kwa jirani na hajarudi mpaka leo.

Mwaka uliofuata, daktari wa moyo, ambaye tunashukuru yuko nasi hapa, aliangalia vipimo vya baba, akauliza anakula nini, alipoambiwa akaweka kalamu chini, akasema, "Mama, mimi sikusema mafuta yote." Akamweleza taratibu kwamba mwili unayahitaji mafuta, ila ya kupunguza ni yale yanayoganda, mafuta ya nyama, ngozi ya kuku, siagi na samli, na kwamba yale ya maji yaliyogandishwa kiwandani ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu hupandisha lehemu mbaya inayoziba mishipa ya damu, lakini mafuta ya alizeti, ya karanga, na yaliyomo ndani ya samaki na parachichi, yakishika nafasi ya yale mengine, na kwa kiasi, huishusha na kuulinda moyo, na kwamba kuyafukuza yote halafu kujaza nafasi yake kwa sukari na mkate mweupe hakujamsaidia mgonjwa yeyote. Mama akasema kwamba kiwandani mafuta ya ng'ombe yalitoa sabuni ngumu ya kugongea mlango, ya alizeti yalitoa sabuni laini isiyokatika vizuri, kumbe moyo unayataka yale yale yaliyokuwa yakimkera miaka yote, na daktari akacheka, akamwambia kama hilo litamsaidia kukumbuka akiwa jikoni, basi alishike.

Alilishika, na hapo ndipo jiko letu lilipopata vikaango viwili. Kikubwa kilikuwa cha baba, humo mlipikwa samaki, maharagwe na mboga za majani kwa kijiko cha mafuta ya alizeti, pembeni kukiwa na karanga za kiganjani na kipande cha parachichi kilichokatwa kwa mkono ule ule wa kiwandani, kuku alivuliwa ngozi, nyama ikakwanguliwa mafuta kwa kisu kidogo mpaka ikabaki nyekundu tupu. Ngozi ile na mafuta yale havikwenda kwenye ndoo ya taka, maana chakula hakitupwi, vilikwenda kwenye kikaango cha pili, kidogo, chenye mpini uliofungwa waya, vikakaangwa mpaka vikauke kama alivyokuwa akifanya bibi, na mama akavila kwa mkate, amesimama hapo hapo jikoni, baba akishamaliza. Samaki akiwa mmoja alikuwa wa baba, parachichi likiwa moja lilikuwa la baba, na tukimwambia na yeye ale alijibu kwamba mgonjwa ni baba yenu, moyo wake yeye haujawahi kuandikiwa hata kidonge. Akitoka, iwe sokoni, iwe msibani, iwe kuja kwangu nilipojifungua, alipiga simu nyumbani kuuliza jambo moja tu, kabla hata ya salamu, "Baba yenu amekula?"

Baba alipona, akanyooka, akarudi kutuudhi kama zamani. Novemba mwaka jana mama alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, akasema ni uzee, Februari mwaka huu akashindwa kabisa, tukamfikisha hospitali, na ikaonekana kwamba mishipa ya moyo wake imeziba. Daktari yule yule alimuuliza anakula nini, na mama akamtajia bila kukosea, samaki, maharagwe, karanga, parachichi, mafuta ya alizeti, daktari akabaki anamtazama, mpaka baba, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi na kofia yake mkononi, aliposema, "Daktari, hiyo ni sahani yangu, muulize ya kwake." Mama alimkata jicho kama aliyeumbuliwa mbele za watu, kisha akataja ngozi za kuku. Daktari hakumlaumu, alisema umri umechangia, damu ya baba yake imechangia, na presha ambayo hakuwahi kwenda kuipima imechangia, hakuna awezaye kukibebesha kikaango kimoja mzigo wote, ila sahani ibadilike leo.

Aliporudi nyumbani, baba alifunga aproni ya mama, akamvua kuku ngozi vibaya sana, akaitupa, na mama kule chumbani akausikia mfuniko wa ndoo, akaita kwa sauti ile iliyobaki kwamba airudishe, na baba, kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa, akakataa. Walinuniana hadi jioni. Kisha baba akaleta sahani moja, akamkata samaki katikati, nusu yake na nusu ya mama, na hivyo ndivyo walivyokula mpaka mwisho, naye mama akilalamika kila mara kwamba vipande havilingani.

Jumanne iliyopita, tarehe 13 Agosti 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, amelazwa tena, mama alimfukuza baba kitandani pake aende kantini, akamwambia muuguzi ahakikishe amekula, na baba alipokuwa bado kwenye foleni, mama akatutoka. Alitaka asiwe mjane, na hakuwa. Sisi wanawe tunamlilia na pia tumemkasirikia, nalisema hili wazi kwa sababu limetuchosha kulibeba, kwani kisu kile kingeweza kukatia sahani mbili.

Familia inamshukuru daktari wa moyo na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomvumilia mama alipokuwa akiwapangia kazi, inawashukuru majirani mliogeuza jiko letu kuwa lenu bila kutuuliza chumvi iko wapi, na wastaafu wa kiwanda mliokuja na mche mzima wa sabuni, mkauweka mezani. Kwa wale ambao hatukuweza kuwataja, tunaomba mtusamehe, tumechoka.

Tangu Jumanne baba alikuwa hajatia kitu mdomoni. Leo asubuhi, kabla ya kuja huku, mdogo wetu alimpikia samaki kwa kikaango kile kikubwa, baba akamkata katikati kwa mazoea, akala nusu yake, akakaa muda mrefu akiitazama nusu ya pili, sisi tumesimama mlangoni, kisha akaivuta sahani, akaila na ile, maana chakula hakitupwi.

Mama Kipande, mama yetu, zamu yako imekwisha, pumzika sasa kwa amani. Baba amekula.